Mgonjwa Aliyeandikishwa Akapotea

Benchi letu liko Ihembe, mkabala na wanapoegesha bodaboda, mbele ya jiko la Mama Adelgunda, muuza kahawa. Mimi wananiita Digrii, na ni kejeli: nina digrii ya kompyuta, huu mwaka wa nne, na cheo nilichopata ni kukalia benchi. Siku hiyo nilikuwa na laptop magotini na mwisho wangu wa kutuma kazi ulikuwa saa kumi jioni. Kampuni moja ya Dar ilikuwa imenipa mtihani wa kazi: hii hapa programu ya kuandikisha wagonjwa, andika majaribio ya kuikagua. Yote yamepita isipokuwa moja, na hilo moja lilikuwa jekundu, yaani limefeli, tangu alfajiri. Kulia kwangu alikaa Mzee Gaudiosus, tunamwita Wakili kwa sababu ameshindwa kesi tatu za mipaka ya shamba. Kushoto, Kashaija, yaani Injinia, fundi redio. Redio ikitoka kwake inashika stesheni moja tu, ile anayoipenda yeye.

Wakili: Tatizo ni nini? Na usiniletee Kiingereza cha chuo.

Mimi: Nina kipande cha programu, tukiite msaidizi. Nikimwita, anabuni mgonjwa wa uongo, anampa namba yoyote ile, anamwandikisha. Halafu mimi namtafuta yule mgonjwa kwa namba. Nikimkuta, programu ni nzima. Simkuti.

Injinia: Kwa nini namba yoyote ile? Si umpe moja ya kudumu?

Mimi: Nilimpa. Mara ya kwanza ikapita. Mara ya pili programu ikakataa, namba ina mwenyewe.

Injinia: Basi ni mtandao. Hapa simu zinadaka minara ya Rwanda kila siku. Mgonjwa wako ameandikishwa ng'ambo.

Mimi: Hii yote imo ndani ya laptop. Haigusi mtandao.

Injinia: Mnara hauombi ruhusa, bwana mdogo.

Wakili: Acheni minara. Mgonjwa yupo, anajificha. Wewe ungejua ni wa uongo, ungeitika ukiitwa? Mahakamani nimewaona wa namna hiyo.

Mimi: Mahakamani ulichokiona ni mgongo wa jirani yako akiondoka na shamba, mzee wangu.

Adelgunda: Kunywa, waitu, mwenzetu. Umeshatukana watu, sasa utahamia kwenye mashine.

Nikaliendesha jaribio tena. Jekundu. Nikafungua orodha ya wagonjwa.

Mimi: Wako thelathini na wanane. Na ninayemtaka hayumo.

Adelgunda: Mawe, mama yangu! Jana walikuwa wangapi?

Mimi: Wawili.

Wakili: Wanazaana. Kila ukimtafuta mmoja, anatokea mwingine. Hapo kuna mkono wa mtu. Nani hakukupenda chuoni?

Mimi: Orodha hiyo ni ndefu kuliko hii ya wagonjwa.

Injinia: Zima, toa betri, ipulize, iache juani dakika tano.

Mimi: Nina dakika ishirini na tano za maisha yangu, tano nizianike juani? Be serious, Injinia.

Saa kumi kasorobo akashuka Dafroza kwenye bodaboda, bado na sare yake. Anakaa dirisha la kadi hospitalini. Akawaamkia wazee shikamoo, akapokea kikombe, akasikiliza yote, mnara, mgonjwa anayejificha na mkono wa mtu.

Dafroza: Namba unayomtafutia, unaitoa wapi?

Mimi: Kuna kipande kingine, mtoa namba. Msaidizi anaomba kwake wakati wa kuandikisha. Na mimi nikitaka kutafuta, naomba kwake.

Dafroza: Anakupa ileile?

Mimi: Hapana. Kazi yake ni kutoa mpya kila...

Nikaivuta laptop karibu.

Dafroza: Kila siku naletewa hayo dirishani. Mtu kapoteza kadi, anafungua mpya, halafu anataka majibu ya damu ya mwezi uliopita kwa namba ya leo. Tunapekua kabati zima. Huyo mgonjwa wako akishaandikishwa, nani anaondoka na kadi yake?

Wakili alimtazama Injinia. Injinia akatazama kikombe. Mimi nikamfungua msaidizi nikasoma hadi mwisho. Anaomba namba, anaandikisha, anamaliza, anafunga mlango. Hamkabidhi mtu chochote. Miaka mitatu chuoni, lecturer kalipigia kelele neno hilo hadi sauti ikamkauka, nami nimelisahau: return. Nikaongeza mstari mmoja tu, arudi na namba anikabidhi, nami nitafute kwa hiyohiyo.

Kijani.

Wakili: Nilisema alikuwa anajificha.

Injinia: Mnara umerudi.

Nikatuma zikiwa zimebaki dakika mbili. Jibu likaingia papo hapo: Thank you. We will get back to you.

Adelgunda: Wanasemaje?

Mimi: Wamepokea. Watanitafuta.

Dafroza: Watakutafuta kwa namba gani? Wamekupa yoyote ya kuulizia?

Nikapandisha barua juu, nikaishusha chini: hamna namba. Wakili akavaa miwani, akaisogelea. Injinia akaichukua laptop magotini mwangu, akaigeuza taratibu, akaiangalia hata tumboni.