Kocha Stancil na Meza ya Jumatatu

Tarehe 31 Mei mwaka huu Kocha Orville Stancil anastaafu, baada ya kuitumikia Idara ya Michezo ya Chuo cha Harlow Ridge kwa miaka thelathini na mmoja. Muda wote huo, kwenye timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kurusha na kubeba mikononi, amefundisha wapokeaji, wale vijana wepesi wanaokimbia mbele kudaka mpira unaorushwa. Makocha wakuu watano wamekuja na kuondoka. Yeye na kofia yake ya kijani wamebaki.

Kocha Mkuu ameniomba mimi, Vernon Hatcher, niandike wasifu huu. Nilimuuliza kwa nini mimi. "Wewe ndiye uliyegombana naye kuliko wote," akasema, "kwa hiyo unamjua kuliko wote." Mimi ni kocha wa walinzi wa nyuma. Kazi ya vijana wangu ni kuwakaba wapokeaji wasidake kitu, na kwa kuwa wapokeaji tulio nao mazoezini ni wa Stancil, nimeshindana na mzee huyu kila wiki kwa miaka ishirini. Basi msomaji asitegemee sifa tupu. Nimemwonea wivu tangu msimu wangu wa kwanza, na sioni sababu ya kuacha leo.

Stancil alizaliwa hapa hapa mashariki mwa jimbo la Tennessee, mtoto wa fundi bomba. Aliichezea timu ya chuo hiki na, kwa maneno yake mwenyewe, alikaa benchi mpaka suruali ikachakaa. Hata hivyo wapokeaji wake wameongoza ligi yetu misimu saba, na kabati la ofisini kwake halifungiki kwa wingi wa vikombe. Langu linafungika vizuri.

Wapokeaji kwa kawaida ni watu wa kujipenda. Mpira ni mmoja, wao ni wanne, na kila mmoja anautaka. Stancil alilitibu hilo kwa chakula. Kila Jumatatu jioni wote huenda nyumbani kwake kula kambare wa kukaanga wa mkewe, Bi Nadine. Aliyefunga kwenye mechi ya Jumamosi ndiye anayegawa sahani na kuosha vyombo. Aliyemfungulia njia, kwa kumzuia mpinzani huku mpira wenyewe hajaugusa, ndiye anayekula kwanza, na wengine wote wanangoja mpaka ameze. Nimeona vijana wakigombania kufanya kazi hiyo isiyotangazwa redioni, kwa ajili ya kutazamwa tu wakitafuna.

Nikasema nami naweza. Jumatano moja nikachoma nyama ya ng'ombe, nikamkalisha mbele yule aliyewanyang'anya wapinzani mipira mingi. Walikula, wakatazama simu zao, wakaniaga kwa adabu. Nyumbani kwangu tulikula mabaki wiki nzima.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba walinzi wangu nao walianza kwenda kwa Stancil. Alianza nahodha wangu wa wakati huo, Jerrod Coyle, wakafuata wengine, na kila nahodha aliyekuja baada yake alirithi njia hiyo. Nilipomuuliza Jerrod alijikuna shingo. "Samaki tu, Kocha. Bi Nadine anajua kukaanga." Jumatatu zaidi ya moja nilipita na gari mbele ya nyumba ile, nikawaona vijana wangu barazani wakicheka kicheko ambacho mimi sijawahi kupewa. Sifichi, nilitamani mwiba umkwame mtu.

Faraja yangu ilikuwa Jumanne. Siku hiyo asubuhi vikundi vyetu viwili hukutana uwanjani, na kwa miaka mingi walinzi wangu wamewakaba wapokeaji wake barabara. Kwenye kikao cha makocha nilipenda kutangaza, "Jumanne ni yangu." Stancil aliendelea kunywa kahawa yake.

Halafu kuna habari ya Marquel Tibbs. Misimu mitano iliyopita kijana huyu aliudondosha mpira wa ushindi mbele ya uwanja uliojaa, na tangu siku hiyo mikono yake ikawa kama ya kuazima. Mazoezini hakudaka kitu. Akaanza kusema anarudi kwao Memphis. Mimi nilimtaka: ana mbio, ana mikono mirefu, angefaa kabisa kuwa mlinzi. Nikamfuata. "Njoo kwangu, mwanangu. Kwangu hakuna atakayekuomba udake." Akasema atafikiri.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumeachwa kwa pointi ishirini na nne, mchezo unakwisha. Mpokeaji wetu nyota, Brantley Oakes, alihitaji kudaka mara moja tu avunje rekodi ya chuo, na mpira uliagizwa urushwe kwake.

"Mpe Tibbs," Oakes akamwambia mrushaji.

"Tibbs ataudondosha, kaka."

"Basi audondoshe. We mpe."

Tibbs aliudaka, akasogea hatua chache, akasukumwa nje. Ubao wa matokeo haukubadilika. Lakini wapokeaji wote walimrukia kana kwamba tumetwaa kombe, na Stancil nyuma yao, kofia mkononi. Nikageuka niwaonye walinzi wangu watulie, tunafungwa. Benchi lilikuwa tupu. Nao walikuwa juu ya Tibbs. Kijana hakurudi Memphis, na kwangu hakuja.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Stancil kuhakikisha tarehe za wasifu huu, nikajikuta nauliza jingine.

"Mzee Orville, vijana wangu uliwapa nini?"

"Samaki."

"Sitanii."

Alicheka mpaka miwani ikateleza. "We Vernon, siku zote ulidhani wamekukimbia? Wale walikuwa wapelelezi wako. Wanakaa na wapokeaji wangu, wanawachokonoa kidogo kidogo: nani goti linamsumbua, nani akitaka kukata kulia anatazama wapi. Kesho yake wanakuja kutuumbua. Jerrod ndiye mwanzilishi. Alisema kocha wao akishindwa Jumanne anashinda na njaa, na wao hawapendi kumwona hivyo."

"Na wewe ulijua?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Mbona hukuwafukuza?"

"Niwafukuze kwa kosa gani? Kijana wangu akishakabwa Jumanne na mtu anayezijua siri zake zote, Jumamosi atamwogopa nani?"

Vijana wangu walikuwa kitu kimoja miaka yote hiyo, kwa ajili yangu, na hakuna aliyeropoka. Nami niliwatazama kutoka upande wa pili wa barabara, nikiwa nimefunga vioo vya gari, nikidhani nimewapoteza. Na mzee huyu, bila kuinuka kitini, aliutumia hata ujanja wao kuwajaza wapokeaji wake moyo. Nilifurahi karibu kulia, na wivu ukanishika upya.

Kocha Stancil, idara nzima inakushukuru wewe na Bi Nadine, na inawaombea afya, utulivu na siku ndefu za mapumziko. Mimi naungana nao kwa moyo mmoja, ukiondoa kipande kidogo ambacho bado kimenuna. Jumatatu nakuja kula. Sitapita na gari, nitabisha hodi.