Betri Nne na Vidole Kumi

Pale Iyunga, ukiiacha barabara kuu na kushuka hatua chache kuelekea kwenye mashine ya kusaga, utakikuta kijiwe. Chenyewe ni kiti cha nyuma cha basi, kile cha watu watano, kilichong'olewa kwenye basi lililokufa zamani. Sponji imebaki katikati tu. Anayewahi anakaa kwenye sponji, aliyechelewa anakaa kwenye chuma, na chuma cha mwezi wa sita Mbeya si cha kufanyia utani. Mama Faustina anauza kahawa hapo, birika juu ya mkaa, vikombe ndani ya ndoo, kashata kwenye kopo. Jumapili ndiyo siku yenyewe, kwa sababu watu wanatoka ibada ya kwanza midomo yao ikiwa imekaa saa mbili nzima bila kubishana na mtu.

Jumapili hiyo Kalinga aliwahi sponji, lakini raha hakuwa nayo. Huyu Kalinga ni Mhehe wa Iringa aliyekuwa konda wa mabasi miaka na miaka. Hapa wanamwita Vidole, maana alikuwa anazipanga noti katikati ya vidole huku basi linayumba na asiangushe hata moja. Miaka minane sasa, kila Jumamosi saa kumi jioni, Vidole alikuwa anakwenda kwa Shedrack kuchanga karata. Shedrack, ambaye wao wanamwita Chunya kwa kuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Chunya ndiko alikopata nyumba, gari na mchezo wa poka, ana meza kubwa sebuleni. Wanacheza poka ya maharage. Anayeshinda anashinda rundo la maharage ya njano, na jioni maharage yote yanarudi kwa Gloria, mke wa Chunya, anayapika. Vidole mwenyewe hachezi. Mpaka leo hajui kama jozi mbili zinaishinda tatu za namna moja, na hajawahi kuuliza. Kazi yake kuchanga na kugawa. Mke wake alifariki, watoto wako Dodoma, na wiki nzima ilikuwa ni ya kuingoja Jumamosi.

Sasa jana yake, Jumamosi, alifika akakuta kwenye kiti chake pamewekwa stuli, juu ya stuli kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kidude cheusi chenye ukubwa wa mkate. Chunya alimpokea kwa furaha kabisa. "Mzee wangu, pumzika sasa! Mashine ya kuchanga karata hii, nimeagizia mtandaoni. Betri nne tu!" Vidole alicheka kwa heshima, akasimama dakika kumi, akasema kichwa kinamuuma, akaondoka. Moyo ulimuuma, hakuna cha kichwa wala nini.

Basi leo yuko katikati ya kiti, kushoto kwake Injinia, kulia kwake Askofu, na hao wawili, wachezaji wa meza ya Chunya, wamepeana visogo. Injinia jina lake ni Obeid, anatengeneza simu na pasi. Askofu ni Danieli, si askofu wala mchungaji, ni besi wa kwaya, ila ana sauti ya kutoa laana. Vidole aliangalia huku, akaangalia kule.

— Kwani kuna nini?

— Vidole, mwambie huyo jirani yako aache kuhema kwa nguvu, akasema Injinia.

— Vidole, mwambie huyo fundi wa pasi kwamba hewa ni ya Mungu, akasema Askofu.

— Jamani! Mmegombana?

Mama Faustina akamimina kahawa huku anatikisa kichwa. Ndiye aliyemweleza, maana wenyewe walikuwa wamenuna kama watoto.

— Baba, ulivyoondoka tu jana, wamechangiwa raundi tatu na hiyo mashine. Raundi zote tatu wafalme wameangukia kwa Askofu. Injinia akasema Askofu kaichezea mashine. Askofu akasema aliyeweka betri ni Injinia. Chunya akasema wote wawili wameitukana nyumba yake. Bakuli la maharage limepinduka, mchezo umevunjwa, na Gloria anasema hakuna poka tena pale kwake.

— Hakuna tena? Vidole aliuliza.

— Hakuna. Mpaka wapatane.

Hapo Vidole alibaki njia panda. Jana usiku aliomba mashine iharibike, asikufiche mtu, aliomba kwa jina la Mungu kabisa. Sasa mashine imeharibu mchezo wenyewe. Kiti hakuna, na meza ya kuwekea kiti nayo hakuna.

— Mimi nina jibu la kitaalamu, akaanza Injinia, akiiambia nguzo ya umeme iliyokuwa mbele yake. Tatizo ni baridi. Ile mashine imetengenezwa nchi ya joto. Ikija Mbeya mwezi wa sita, grisi inaganda. Gurudumu la kushoto linakuwa zito kuliko la kulia. Wafalme walikuwa kushoto. Wakachelewa kutoka. Wakatoka pamoja.

— Vidole, mwulize, wafalme walijuaje pa kwenda? Mbona hawakuangukia kwake yeye? akasema Askofu.

— Mwambie anauliza swali la kijinga.

— Anasema ni swali la kijinga, akasema Vidole kwa upole.

— Nimemsikia! Sasa mpe jibu langu. Ile mashine haikuombewa. Mtu akinunua gari anaita mchungaji. Akinunua hata ng'ombe anaita mchungaji. Chunya amefungua boksi, betri zimewekwa, kabonyeza. Mimi ni mwanakwaya, sikio langu halidanganyi. Ile krrrr yake ni sauti ya nne. Ni besi ya wimbo wa maziko, tena inaanzia ubeti wa pili.

— Kwa nini wa pili? Mama Faustina alishangaa.

— Ndiyo hapo sasa! Wa kwanza iliimbia wapi?

Wote wakanywa kahawa kwanza. Swali lilikuwa zito.

— Sawa, akasema Injinia, akageuza kisogo kidogo, si chote. Basi ngoja niseme nilichokuwa naficha. Ile mashine ina chipu. Kila ukibonyeza, inatuma taarifa huko ilikotoka.

— Taarifa gani, karata zetu? Vidole aliuliza.

— Karata za nini, gwe! Maharage! Wanaona pale mezani watu wa Mbeya wanachezea maharage, tena bakuli zima, tena ya njano. Wanajua mavuno yapo. Wanashusha bei. Mama Faustina, wewe unalima. Mwaka huu bei ya maharage imeshuka, haijashuka?

— Imeshuka, akasema Mama Faustina kwa huzuni.

— Nimemaliza.

— Lakini bei imeshuka mwezi wa tano, mashine imefika Alhamisi.

— Mtandao ulikuwa chini, akasema Injinia.

Askofu alijisahau, akamgeukia moja kwa moja. — Acha uongo wewe! Mimi nakwambia tabia ya karata. Karata ikichangwa na mtu inaona haya. Mkono wa mtu mzima unaigusa, inajichanganya na wenzake kwa adabu. Ikichangwa na mashine inaona hakuna mkubwa hapo, basi inakwenda kwa ndugu zake. Mfalme kwa mfalme, malkia kwa malkia, kama harusini upande wa bwana na upande wa bibi. Na wafalme wakikaa pamoja lazima watafute mtu mwenye hadhi.

— Ndiyo wewe?

— Sijasema mimi. Wao ndio walikuja.

— Mwongo mkubwa!

— Fundi pasi!

Vidole aliwashika wote wawili magoti. Alikuwa anataka kuwaambia kitu, kwamba yeye angetoa hata koti lake ili Jumamosi waketi tena, lakini maneno ya namna hiyo mtu mzima anayasemaje kijiweni?

Na hapo Chunya akatokea. Amevaa suti ya ibada, na kwapani amebeba mashine imefungwa kwenye kanga ya Gloria. Hakumsalimia mtu.

— Nimekuja kuisafisha nyumba yangu, akasema. Nimefanya utafiti. Kosa si la mashine, wala si la mtu. Kosa ni la ardhi. Mashine ina sumaku. Chini ya sebule yangu kuna dhahabu. Dhahabu inavuta sumaku, sumaku inavuta wino mwekundu, na wafalme wamepakwa wino mwekundu.

— Sumaku haivutani na dhahabu, akasema Injinia.

— Ya dukani haivutani. Hii ya kwangu ni ya mwamba, dhahabu kali. Mimi nimeona Chunya kule, mtu anapita na redio juu ya mwamba, redio inakohoa. Jana meza ilikuwa juu ya mwamba. Nataka nichimbe.

— Sebuleni?

— Mita sita tu. Gloria amekataa. Amesema nikigusa sakafu yake anakwenda kwao.

— Ana haki, akasema Mama Faustina.

— Kwa hiyo tuijaribu hapa, penye ardhi ya kawaida. Vidole, shika hii kanga.

Wakaiweka mashine juu ya kiti, kwenye sponji, Vidole akahamia kwenye chuma. Chunya akazipanga karata makusudi, wafalme wote pamoja, akaweka nusu huku na nusu kule, akabonyeza. Krrrrr. Karata zikashuka safi katikati. Injinia akazifunua moja moja. Mfalme mmoja juu, mwingine katikati, wawili chini wametenganishwa na msafara mzima. Wakarudia. Vilevile. Wakarudia mara ya tatu, Askofu akiwa ameinamisha sikio kwenye betri. Mashine ilikuwa inachanga vizuri, tena vizuri kuliko mtu yeyote pale Iyunga. Vidole aliona mwenyewe, na macho yake ni ya konda. Baridi ya chuma ilimpanda mpaka mgongoni.

— Mnaona? akasema Chunya. Dhahabu ipo kwangu.

Sasa wakati wanabishana hivyo kulikuwa na basi limesimama barabarani, limepata pancha, na abiria wameshuka kunyoosha miguu. Mama mmoja wa makamo, amejitanda shuka begani, akasogea kwa Mama Faustina akaomba kahawa.

— Kamwene, akasalimia.

— Kamwene, mama! Vidole alirukia kuitika. Unakwenda Iringa?

— Kihesa, baba. Nilikuja kuzika. Hicho kidude ni redio?

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Grisi, maziko, maharage, harusi, dhahabu. Mama yule alisikiliza huku anapuliza kahawa yake, hakumkatisha mtu.

— Na kabla ya hii nani alikuwa anachanga?

— Huyu hapa, wakamwonyesha Vidole.

— Alikuwa anachanga vizuri?

Injinia alikohoa. — Kusema kweli mama, vibaya. Huyu noti ndiyo anaijua. Karata anaangusha.

— Mimi amewahi kunigawia karata sita, akasema Askofu. Mtu anatakiwa tano.

— Na wafalme walikuwa wanaangukia kwa mtu mmoja?

— Mara ngapi! Chunya alidakia. Kuna siku nimeshinda mimi tu toka saa kumi mpaka jua linazama.

— Na mlikuwa mnagombana?

— Sisi? Injinia alishangaa. Aa, sisi hatujawahi. Tulikuwa tunamgombeza yeye. Ukishindwa unamwambia, Vidole, una roho mbaya, umenichangia uchafu gani huu? Na yeye anasema, nisamehe bwana, kosa langu, raundi ijayo nitakuwekea kizuri. Basi yanaisha, tunacheza.

Mama wa Kihesa akaitazama mashine, akawatazama wao.

— Sasa hii mkiigombeza inasemaje?

Askofu alijikuna shingo penye kola. Chunya akaibonyeza mashine bila karata, labda ingetoa neno. Krrrrr, ikazunguka bure. Injinia akainama akaijaribu kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona aibu: "We mashine, una roho mbaya sana wewe." Wakangoja. Mama Faustina naye akangoja, kikombe mkononi.

Honi ikalia barabarani. Mama wa Kihesa akarudisha kikombe, akaaga, akapanda basi lake.

Wanaume wale hawakutazamana. Chunya aliitazama kanga, akaitazama barabara, na mwisho akamgeukia Vidole kwa hasira ambayo ilikuwa inatafuta pa kutua tangu jana.

— Na wewe! Jana uliondoka kwa nini?

— Mimi?

— Wewe, nani mwingine! Unaona watu wanachezea mashine wasiyoijua, unasema kichwa kinauma, unaondoka zako. Ungekaa hayo yote yangetokea?

— Yasingetokea, akasema Injinia. Vidole umetukosea sana. Mpaka mimi nimemtukana Danieli, mtu tunayeimba naye!

— Huimbi wewe, akasema Askofu. Lakini ni kweli. Obeid amelala na hasira kwa ajili yako, Vidole. Huo ni ubinafsi.

— Na bakuli la mke wangu limepata ufa, Chunya aliongeza. Jumamosi uje mapema ulieleze hilo bakuli.

Mama Faustina akainua birika, akalitikisa. — Kahawa imeisha.

— Unaona! Injinia alipiga kelele, sasa bega lake limegusana na la Askofu. Kahawa nayo umeimaliza!

Vidole alikuwa amekunywa kikombe kimoja, tena nusu yake ilipoa. Alisimama, akavua kofia, na furaha ilimjaa kifuani.

— Nisameheni, ndugu zangu, akasema. Kosa langu.