Kofia ya Mzee Mutambu

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna sufuria motoni, punguzeni kuni kidogo. Sogezeni redio karibu. Leo sina haraka, na ninyi nawaomba msiwe nayo. Mimi ni Gwatirera, mtu wenu wa kila Jumapili jioni, na leo namkumbuka Mai Kudzanai wa Gombakamwe. Jina lake la ubatizo ni Eustina Mandizha. Lakini ukiulizia Eustina kule Buhera utazunguka mpaka soli ziishe. Sema Mai Kudzanai, mama yake Kudzanai, hata mbwa watakupeleka.

Tumemzika Jumamosi. Nilikuwepo. Na nawaambia mapema msije mkanilaumu: hii si habari ya kilio. Nilicheka kwenye mazishi yale mpaka mbavu zikaniuma, na nitawaeleza kwa nini.

Mai Kudzanai alikuwa mjane. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, huyo Kudzanai. Mmoja tu. Kijana mrefu, mpole, akiimba besi kanisani unaisikia kwenye benchi ulilokalia. Mwaka mmoja, mahindi yakiwa yamekomaa, ng'ombe wa akina Mutambu waliingia shamba la akina Mandizha. Jioni yake watu wakakutana penye pombe, maneno yakazaa maneno. Jairosi, mtoto wa Mzee Mutambu, akainua rungu. Alipiga mara moja. Kudzanai hakuamka tena, na Jairosi akafungwa gerezani.

Kinachofuata mnakijua. Serikali inafunga mtu wake, lakini mambo ya damu hayaishii gerezani. Kwa akina Mutambu ng'ombe wakaanza kufa. Kisha kikafa kichanga. Mganga akasema ni mzimu wa Kudzanai unadai, na hautanyamaza mpaka wapeleke msichana kwa akina Mandizha. Akae huko, aolewe huko, mtoto wake wa kwanza apewe jina la marehemu. Na mpaka deni hilo liishe, nyumba hizo mbili hazisalimiani wala hazili chungu kimoja. Ukila na wenye damu, mzimu unakugeukia wewe.

Msichana waliyemchagua ni Netsai, mdogo wake Jairosi. Alikuwa bado anaruka kamba shuleni.

Netsai leo ni mama wa watu. Nimekaa naye jikoni kwake wiki hii. "Walinifunika kitambaa cheusi," aliniambia. "Walinikataza kusema. Ukifika kaa chini mlangoni pa ua, usimsalimie mtu. Na mimi nilikuwa nawaza, jamani, kuku wangu atawalisha nani?"

Sasa, akina Mutambu hawakuwa watu wa kanisa. Na mganga alikuwa amewaonya: mkiona nguo nyekundu siku hiyo, jueni mzimu umekataa malipo, unataka roho kwa roho, kimbieni. Wakapanga kila kitu, njia ya kupita, maneno ya kusema, nani atangulie. Kitu kimoja tu hawakukipanga. Walikwenda Alhamisi.

Haya, naona mmeanza kucheka. Kila mume wa mwanamke wa kanisa anajua Alhamisi ni siku gani, maana siku hiyo chakula anajipakulia mwenyewe. Mai Kudzanai akatoka nyumbani kwenda kwenye maombi ya akina mama, na blauzi nyekundu, sare yao ya maombi, imepigwa pasi, kofia nyeupe kichwani, Biblia kwapani. Mzee Mutambu hakuiona Biblia. Aliona wekundu.

"Baba alikimbia," Netsai aliniambia, na hapo alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Baba yangu, mtu mzito vile, aliruka ua wa miiba. Wajomba wote nyuma yake. Kofia yake ikanasa kwenye miiba ikabaki. Na mimi nikabaki."

Kofia ikabaki, na msichana akabaki. Shikeni hayo mawili.

Akaja Mzee Zvidzai. Huyu ni shemeji yake Mai Kudzanai, kaka wa marehemu mumewe, na ndiye msemaji wa ukoo. Alikuja anapumua kwa furaha.

"Shemeji, wameleta. Mwingize ndani. Ataolewa na mwanangu, atuzalie Kudzanai mwingine."

"Nani, huyu? Huyu hata kupenga kamasi bado anasaidiwa."

"Atakua."

"Akulie kwao."

"Unaikataa damu ya mwanao?"

Mai Kudzanai alimtazama. "Shemeji, siku tulipomzika mwanangu, wewe mwenyewe ulisimama ukasema amekwenda kwa Yesu. Nilikuamini. Leo unaniambia yuko porini anaua ng'ombe wa watu. Kwani Yesu amemwacha atoroke?"

Mai Kudzanai hakungoja jibu.

Akamfunua msichana kile kitambaa. Akampa maziwa ya mgando. Kisha akaichukua kofia, akamshika Netsai mkono, akaanza safari ya kwenda kwa akina Mutambu. Na ile blauzi nyekundu hakuivua. Njiani akakutana na akina mama wenzake wakienda kwenye maombi. Mmoja akamvuta pembeni.

"Mai Kudzanai, kusamehe ni sawa. Lakini mtu anasamehe akiwa kwake. Usije ukala kwao."

"Sikuwa nimewaza kula," alisema. "Ila sasa umenikumbusha. Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni."

Msidhani ilikuwa rahisi. Huyu si sanamu la kanisani, ni mtu aliyefiwa na mtoto wake wa pekee. Netsai anasema mama yule alilia njia nzima, tena kwa sauti, na alipoliona boma la akina Mutambu akajifuta uso kwa kofia ya mzee.

Pale nyumbani hakutoka mtu. Milango ilifungwa. Alisimama katikati ya uwanja na wekundu wake.

"Mzee Mutambu. Umesahau kofia yako kwangu."

Waliomsogelea ni kuku tu.

"Na binti yako pia umemsahau. Toka uwachukue."

Mlango haukufunguka. Basi akaona chungu cha sadza, ule ugali wetu, jikoni nje, na bamia pembeni. Akakaa chini. Akanawa. Akamega, akachovya, akala, na macho ya nyumba nzima yanachungulia kwenye nyufa. Alikula chungu cha wenye damu. Mbele ya watu, mchana kweupe, alikula.

"Bamia hii haina chumvi," akasema.

Ndipo mama yake Netsai akatoka na chumvi, analia, anajikwaa, anamwangukia miguuni. Na nyuma yake Mzee Mutambu, kichwa wazi. Alikaa. Akanyoosha mkono kwenye chungu kilekile. Netsai alirudi kwa kuku wake, na Jumatatu akaenda shule.

Mzee Zvidzai aliposikia alitapika maneno. Akaapa mbele ya ukoo kwamba hakuna Mutambu atakayegusa udongo wa nyumbani kwao, liwe jembe, liwe sepetu. Akaacha kumlimia shemeji yake. Na kijiji kikakaa kusubiri mama yule afe. Alipopiga chafya kanisani, benchi zima lilihama. Lakini wasikilizaji wapendwa, hakufa. Aliishi. Aliishi mpaka yule mganga akazeeka akaugua, na aliyempelekea uji ni yeye.

Jairosi alipotoka gerezani hakuthubutu kurudi. Alishuka kwenye maduka ya njia panda akakaa hapo, hajui aelekee wapi. Mai Kudzanai akaambiwa. Akaenda. Jairosi mwenyewe amenieleza maneno aliyoambiwa, na aliyasema akitazama chini.

"Kudzanai ndiye angenizika. Hiyo kazi sasa ni yako. Kuanzia leo wewe ni sahwira wangu, na usinikimbie kama baba yako."

Wasikilizaji, sahwira si rafiki wa hivihivi. Sahwira ndiye anayekuchimbia kaburi. Ndiye anayevaa nguo zako siku ya mazishi, akakuigiza, akakusema mbele ya watu wote, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Usahwira tunaurithi kwa mababu. Yeye aliuanzisha na mtu aliyemuua mwanawe.

Sasa njooni Jumamosi. Mzee Zvidzai bado yuko, amezeeka sana. Alikaa kwenye kigoda pale alipopachagua pawe kaburi, na sepetu kalilaza magotini. Bila neno lake kaburi halichimbwi. Na kiapo chake kila mtu alikuwa anakikumbuka. Akina mama walisimama na blauzi zao nyekundu, wimbo unafia midomoni. Tuliogopa. Mimi niliogopa kwamba mama wa watu atazikwa kwa ugomvi, na yote aliyoyafanya yataishia pale.

Tukasikia vicheko mlangoni pa ua.

Alikuwa Jairosi, mvi kichwa kizima. Amevaa blauzi nyekundu ya Mai Kudzanai, inambana mpaka kifungo kimoja kikaruka. Kofia nyeupe kichwani. Anachechemea kwa goti la kushoto, vilevile alivyochechemea marehemu uzeeni. Mkononi kashika kofia kuukuu ya baba yake. Akasimama palepale Netsai alipokalishwa na kitambaa cheusi.

"Akina mama," akasema, kwa sauti ya marehemu kabisa, "wimbo gani huo? Mnazika kuku?"

Watu wakaangua kicheko. Akachechemea hatua chache, akasimama. Hakuingia. Akamwita mzee.

"Shemeji. Umemsahau ndugu yako huku nje. Toka umchukue."

Mzee Zvidzai alikitazama kile kifungo kilichoruka, akakitazama kile kichwa cha mvi.

"Mwanamke huyu," akasema, "hata kufa hakujamnyamazisha."

Akacheka. Akalia. Akainuka na kigoda kikaanguka nyuma yake. Akatembea mwenyewe mpaka mlangoni pa ua, akampa Jairosi sepetu.

Nimetangaza miaka mingi, na bado sina maneno ya wimbo ule ulioinuka pale. Akina mama waliuimba kama watu walioshinda vita. Jairosi alichimba na blauzi yake, na wajukuu wa Mzee Zvidzai walivua makoti wakashuka naye shimoni. Na palikuwa na sauti nene ya besi nyuma yangu. Nikageuka. Ni mtoto wa kwanza wa Netsai, aliyemzaa kwa mume aliyempenda mwenyewe. Anaitwa Kudzanai. Hakuna aliyemlazimisha mama yake kumpa jina hilo.

Pole, Mzee Zvidzai. Poleni ukoo wa Mandizha. Pole, Netsai. Pole sana, Jairosi, umezika mama. Bwana aliyemtegemea ampokee vizuri, na kama chakula cha huko hakina chumvi, atasema tu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mkishazima redio, tazameni ukutani kwenu. Kuna kofia ya mtu mmeitundika siku nyingi, na mnamjua mwenyewe ni nani. Mpelekeeni. Na mkifika, msisimame mlangoni. Ombeni chakula.