Mstari Mmoja Chini ya Ukurasa

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake, na wewe Mkurugenzi uliyekaa mbele kwenye kiti chenye mto, naomba masikio yenu, mimi ni shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, na familia imenipa kazi hii ya kusoma kwa sababu nina sauti ambayo hata spika inaniomba niipunguze.

Ndugu yetu, ambaye hata mama yake mzazi alimwita Mstari, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1978, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yake, mtoto wa tatu kati ya watano, na jina hilo alilipata kwa kuwa hakuvumilia kitu kilichokaa upande, ndoo atazipanga, viatu vya wageni atavipanga, ungemwachia mawingu angeyanyoosha.

Alianza darasa la kwanza Januari 1985, akamaliza sekondari Novemba 1996, na huko ndiko alikoiona kompyuta ya kwanza, moja tu shule nzima, imefunikwa kitambaa kama bibi harusi, na siku mwalimu alipomruhusu kuishika, alibofya kipanya mpaka paka wa mtaa mzima wakahamia shuleni.

Jumatatu tarehe 3 Juni 2002 aliajiriwa kubuni tovuti katika ofisi ya Mkurugenzi, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, kwenye meza iliyotazama ukuta, na kwa miaka ishirini na miwili akajenga tovuti za hospitali, shule na viwanda, nasema bila kutia chumvi, ukitoa alizojenga yeye, mtandao unabaki uwanja mtupu. Kila aliyeingia pale, Mstari ndiye aliyemfundisha, punguza uzito wa picha kabla hujaipandisha mtandaoni, weka nakala sehemu tatu, usiguse ukurasa ambao watu wanausoma, rekebisha nakala yake kwanza, na kabla hujamwita mteja, ifungue tovuti kwenye simu mbovu kuliko zote, na hiyo ilikuwa yangu, aliiazima kila wiki, akiniambia shemeji usije ukaitupa hii, hii ni maabara.

Jumamosi tarehe 18 Novemba 2006 alimuoa dada yangu, na siku aliyokuja kujitambulisha, baba akiwa ametoa macho kama taa za lori, yeye aliinuka bila ruhusa akaenda kunyoosha picha ya baba ukutani, baba akasema huyu ama ni kichaa ama ni mkwe, tukapiga kura, mkwe akapita kwa kura moja. Walijaliwa watoto wawili, binti tarehe 2 Februari 2009, na mvulana tarehe 27 Agosti 2013.

Mwaka 2019 binti huyo aliwaambia wenzake darasani kwamba tovuti ya hospitali yao imejengwa na baba yake, wakaifungua, wakateremka mpaka chini kabisa, wakakuta imeandikwa imebuniwa na Mkurugenzi, wakamwita muongo mpaka akagoma kwenda shule siku mbili. Ndipo Mstari, mtu ambaye hakuwahi kudai hata kikombe chake pale ofisini, alipoingia kwa bosi kuomba atajwe, mstari mmoja tu chini ya ukurasa, herufi ndogo, rangi ya kijivu, hata usomeke kwa shida, binti yake aweze kuuonyesha, na wewe Mkurugenzi ulimjibu ukicheka, Mstari mzima unataka mstari mwingine wa nini, tutaliangalia. Kila tarehe 1 Julai akaomba tena kwa barua, miaka mitano mfululizo, na likaangaliwa kwelikweli, hata penalti ya fainali haiangaliwi hivyo.

Agosti mwaka huu mguu wake wa kushoto ulianza kuvimba, kwa kukaa saa kumi na nne kwa siku kwenye kiti kilichovunjika mgongo, yeye aliyebandika karatasi ukutani kuwakumbusha wenzake wainuke kila saa. Alilazwa Jumatatu tarehe 30 Septemba 2024, ikaonekana damu imeganda mguuni, na hata pale kitandani alipigiwa simu kwamba fomu ya mteja haitumi ujumbe, akaitengeneza kwa kidole kimoja, mkono wa pili una dripu. Bonge lile la damu lilipanda mapafuni, akatutoka Jumatano tarehe 9 Oktoba, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti na maji kabla hatujaomba, na wafanyakazi wenzake mliombeba leo. Tunaishukuru pia ofisi, iliyotangaza msiba kwenye tovuti yake juzi, picha imevutwa mpaka uso umekuwa mpana kama sinia, na pale alipotakiwa kutajwa pameachwa maneno ya mfano yaliyokuja na ukurasa mtupu wa matangazo ya msiba, Andika jina la marehemu hapa, hakuna aliyekagua, maana aliyekuwa akikagua ndiye huyu aliyelala mbele yetu.

Nilitaka kupiga simu niwafokee, na mimi nikifoka madirisha yanaomba radhi, lakini binti yake alinishika mkono akaniambia, mjomba, waache, angalau ukurasa huu hawajaandika jina la mtu mwingine.

Kapumzike, shemeji yangu, kwa amani.