Siku Bi Risasi Alipoitwa na Watu wa Ruzuku

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali mbele ya duka la kutengeneza simu, na mchana kutwa halipoi, akiondoka huyu anakaa yule, kahawa inamiminwa, serikali inaundwa na kuvunjwa kabla kikombe hakijaisha. Lakini siku ile benchi zima lilikuwa na kazi moja tu, kumwandaa Bi Risasi. Bi Risasi ni fundi wa hapo hapo dukani, walimpa jina hilo kwa ile risasi anayoyeyusha kuunganisha waya, jina la kutisha kwa mtu anayeshtuka hata mlango ukigongwa, na asubuhi ile alikuwa hajakaa, anazunguka tu mbele yao na mtoto mgongoni, anambembeleza mtoto aliyelala zamani. Mchana alitakiwa mbele ya jopo la watu wa ruzuku, wale wanaozisaidia kampuni changa za teknolojia kuvitoa vitu vyao mezani kuviingiza sokoni. Kitu chake alikuwa nacho mkononi, kisanduku alichokitengeneza kwa chombo cha sabuni, kina waya kama mkia na laini ya simu ndani, unakiweka kwenye banda la vifaranga, joto likishuka kinakupigia simu uamke kabla hawajafa. Alitengeneza vitatu, viwili vikaungua, hiki kimoja kikakubali. Na mwenye duka alishasema: ruzuku ikipatikana atamwachia meza nzima, ikikosekana waya zote ndooni, arudi kubadilisha vioo vya simu za watu.

— Kaa basi, mwanangu, unatuzungusha vichwa, — alisema Stempu, mstaafu aliyegonga mihuri ofisini maisha yake yote, na hata leo akiweka kikombe chini anakigonga.

— Nikikaa ataamka, baba, na akiamka atalia, na akilia nitasahau yote, na nikisahau wataniona sijasoma, na kweli nimeishia sekondari, sasa nitawaambia nini mimi?

— Ndiyo maana tunafanya mazoezi. Mimi ndiye jopo. — Stempu akakunja nne, akatoa sauti ya puani. — Dada, kampuni yako ina watu wangapi?

— Mimi.

— Na nani?

— Na huyu wa mgongoni.

Spidi, dereva wa pikipiki ambaye abiria wake alikuwa anampungia mkono ng'ambo ya barabara bila kuonwa, alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Hapo umekwisha, dada! Hawampi mtu mmoja hao, wanataka timu. Waambie mkurugenzi wa usafirishaji ni mimi.

— Usafirishaji wa nini, Spidi? Kinaingia mfukoni.

— Ndiyo maana kazi nitaiweza.

— Na mwenyekiti wa bodi niweke mimi, — alisema Stempu. — Kampuni haina mwenyekiti, hilo ni genge tu.

— Na mimi je? — Mama Birika, mwenye kahawa yake, alishika kiuno.

— Wewe viburudisho.

— Viburudisho vinanywewa tangu asubuhi na vikombe havirudi! Mimi mkurugenzi wa fedha, la sivyo birika linahama.

Likapita hilo bila kupigiwa kura. Bi Risasi alitaka kucheka, akaikumbuka simu aliyopigiwa jana.

— Jamani, yule dada wa kwenye simu alisema nije tayari kueleza nitakiuzaje. Hilo la kuuza ndilo linaloniogopesha.

— Hilo la mwisho, tutalifikia, — Stempu akalipunga kama nzi. — Kwanza ujue siri yao. Nimekaa ofisini, nawajua. Pesa za ruzuku zisipoisha kabla mwaka haujafungwa, bosi wao anaulizwa. Kwa hiyo sasa hivi wamekaa pale wanatetemeka kuliko wewe. Wanaogopa usije ukakosa kuja.

— Kweli, baba?

— Haki ya Mungu. Ila usiombe kidogo, ukiomba kidogo umewatukana. Sema kisanduku hiki kitafika bara zima.

— Na wakiuliza, baada ya bara zima?

— Sema bahari.

— Baharini kuna vifaranga, baba?

— Meli hazipakii kuku?

— Mzee, unamrudisha nyuma mwenzio, — Spidi alisogea mbele mpaka ubao ukalia. — Siku hizi bahari hawaitaki, wanataka anga. Sema satelaiti. Sema kuku wa mwezini.

— Mwezini ni baridi, — alisema Mama Birika huku anamimina. — Kitakupigia simu bila kupumzika mpaka laini ikatike. Na usingizi wenyewe mama wa kichanga anao wapi?

— Mnacheka, — alisema Spidi, — lakini mimi nimempakia mmoja wa hao watu, akanifungulia moyo. Hawaangalii kitu, wanaangalia machozi. Kuna jamaa alipeleka mwavuli unaochaji simu. Mvua ikinyesha hauchaji, jua likiwaka haufunguki. Wakampa! Kwa nini? Alilia.

— Alilia kwa sababu ulimpiga shoti.

— Mama Birika, usinivunjie mada. Dada, lia. Lakini usilie mapema, ngoja wakishafika kwenye swali gumu.

Hilo la kulia Bi Risasi aliliona halina shida, machozi alikuwa nayo karibu tu, akaanza hata kujaribu, na Stempu akamkatiza.

— Asilie! Mwenyekiti simruhusu. Anayehoji siku hizi si mtu, ni kompyuta.

— Kompyuta? — Spidi alishtuka, kisha akaona ni nzuri, akaichukua. — Eeh! Imevaa koti! Nimeona kwenye simu yangu, inakuuliza maswali na haipepesi macho. Usiitazame, dada, itakusoma. Tazama ukutani.

— Sasa nilie au nisilie? — Bi Risasi alisimama kabisa. — Kama ni kompyuta machozi yangu yataisaidia nini, na kama ni mtu nikitazama ukutani ataniona nina kiburi, na hiyo bahari niitaje kabla ya satelaiti au baada, na bodi nitaitaja saa ngapi, jamani mimi siendi. Spidi, nenda wewe.

— Mimi sijui hata kinawashwaje!

— Mwanangu, vuta pumzi, — alisema Stempu, safari hii bila sauti ya puani. — Tuanze upya.

Wakaanza upya. Bi Risasi alikuwa anarudia salamu kwa waheshimiwa kwa mara nyingine, alipokuja mama mmoja aliyevaa buti za mpira, zimeganda maranda ya banda la kuku, mkononi chaja ya simu iliyokatika. Alikuja kutengenezewa chaja. Lakini alisimama, akasikiliza, akasahau chaja.

— Samahanini jamani. Hicho ndicho kinapiga simu vifaranga wakipata baridi?

— Chenyewe, — alisema Spidi. — Unaongea na mkurugenzi wa usafirishaji.

— Mwezi uliopita umeme ulikatika nimelala. Nimeamka, banda kimya. Kimya, mwanangu, unajua? Leo nimeletewa wengine, nimewaacha kwenye taa na roho iko juu juu. Naomba hicho.

Stempu aliinua mkono, taratibu, kama mtu anayefunga dirisha la ofisi.

— Mama, pole sana. Hiki hakiuzwi. Hiki ni cha kuombea ruzuku.

— Ruzuku ya nini?

— Ya kukiingiza sokoni.

Yule mama aliwatazama kuanzia mwanzo wa benchi mpaka mwisho wake, kisha akarudi mwanzo.

— Mimi nimekuja kununua, mnaniambia kisubiri kwanza mpewe pesa za kukiuza. Haya. Siku hiyo ikifika, kitauzwa bei gani?

Mwenyekiti wa bodi alimtazama mkurugenzi wa fedha. Mkurugenzi wa fedha alifunua kifuniko cha birika akachungulia ndani. Spidi, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alimwona abiria wake ng'ambo, ila abiria alikuwa anapanda pikipiki ya mwingine.

Bi Risasi alikishika kisanduku kwa mikono miwili. Bei hakuwahi kuiwaza, aliwaza waya, aliwaza joto, aliwaza watu wa ruzuku, na sasa akikitoa anakwenda kwa jopo na nini, na asipokitoa umeme ukikatika je, na huyu mama amesema kimya, na kimya kile yeye anakijua, kila akishtuka kwenye usingizi anaweka sikio puani kwa mtoto. Akaanza kuhesabu kwa sauti, haraka haraka, chombo cha sabuni, laini, waya, kipima joto, kazi ya mikono yake, na vile viwili vilivyoungua vigawanywe humo humo, akataja bei.

— Punguza kidogo, mwanangu.

— Sipunguzi, mama, — alisema, na mwenyewe akashangaa. — Lakini kesho nakuja kukikagua, na kikikusumbua hata usiku nipigie, mimi silali.

Yule mama alifikiri, akaingiza mkono kifuani akatoa kitambaa chenye fundo. Bi Risasi akaiweka namba ya yule mama kwenye kisanduku, akamwonyesha waya ulale wapi, usikaribie taa, usikae chini ya maranda, akamweleza mara mbili bila kukwama hata neno. Benchi lilikuwa linasikiliza kama wanafunzi. Buti za mpira zilipokwisha kukata kona, Stempu akamgeukia Bi Risasi.

— Mwanangu, umetumaliza. Wakiuliza kifaa kiko wapi, utawaambia nini?

— Nitawaambia kiko kazini.

Mikono ilikuwa mitupu, hakujua aiweke wapi, akaipeleka nyuma akamshika mtoto, akaenda kwa jopo, woga wake bado anao.