Leokadia Rębacz, Sauti ya Pembeni mwa Jukwaa (1951–2025)

Treni ilikuwa imeshapita Radymno, theluji ya mwisho ikiyeyuka mashambani, mpwa wake Ksawery alipotambua kwamba katika safari zake zote za dunia hakuwahi kushuka Przemyśl, mji wa shangazi yake. Nje ya stesheni alimwonyesha dereva wa teksi anwani ya ukumbi wa tamthilia wa Słodownia. Dereva akamtazama mara mbili. "Kwa Bi Lodzia? Ingia, bwana. Mwaka juzi nilikohoa pale sehemu ya kwanza nzima. Mapumziko akanijia, akanipa peremende na kikaratasi: Malkia ana dakika kumi za kufa, tafadhali mwachie nafasi." Njia nzima hadi ukumbini, dereva alizungumza juu ya Leokadia tu, ambaye mji mzima ulimwita Lodzia. Yafuatayo Ksawery aliyakusanya kwa watu wa namna hiyo, na kwa binti wa marehemu.

Leokadia alizaliwa tarehe 9 Desemba 1951 mjini Dynów, kando ya mto San, akiwa mtoto wa pili wa Hieronim na Apolonia Szumiec. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Leokadia katika kalenda ya kanisa, basi hakuna aliyehangaika kumtafutia jina lingine. Baba yake alikuwa fundi wa treni ndogo ya reli nyembamba.

Alisoma shule ya msingi Dynów, na sekondari Przemyśl, alikohitimu mwaka 1970. Alianza masomo ya fasihi Rzeszów, lakini baada ya miaka miwili mama yake aliugua, naye akarudi nyumbani kumuuguza. Hakuwahi kulilalamikia hilo. Alisema tu kwamba vitabu vilivyobaki alivisoma jikoni, na supu ya bitiruti haikuungua hata mara moja.

Alifanya kazi maktaba hadi mwaka 1993, wasanii wachache walipokigeuza kiwanda cha zamani cha kimea kuwa ukumbi wa Słodownia. Walijiwekea sharti moja: tamthilia za kale tu, zichezwe kwa nguo za leo, kwenye jukwaa tupu, bila kukata ubeti hata mmoja. Mashairi marefu kiasi hicho yalihitaji mtu wa kukaa pembeni na taa ndogo na kitabu, amnong'oneze mwigizaji aliyesahau. Kazi hiyo akapewa yeye, akaifanya kwa miaka ishirini na tisa.

Mwanzoni alikosea, kosa ambalo kila mnong'onezaji hulifanya mara moja. Mwaka 1994 mwigizaji Wincenty Dolata alinyamaza katikati ya maombolezo, naye, kwa huruma, akampa neno lililofuata. Wincenty hakuwa amesahau. Baada ya onyesho alimwambia taratibu, "Lodzia, nilikuwa karibu kulia. Umenifuta machozi kabla hayajatoka." Tangu siku hiyo Leokadia alijifunza kutazama mikono. Aliyenyamaza kwa sanaa, vidole vyake bado vinafanya kazi. Aliyesahau, mikono humlegea.

Tarehe 21 Julai 1979 alifunga ndoa na Eustachy Rębacz, fundi umeme, wakajaliwa binti mmoja, Bogna. Eustachy ndiye aliyemsomea sehemu za wafalme mezani, mdomo umejaa pierogi, maandazi ya kuchemsha, kwa sauti ileile aliyosomea mita za umeme. Bogna anakumbuka mama yake akicheka hadi kushika meza. Eustachy alifariki mwaka 2011.

Mwezi Mei 2022 sauti ya Leokadia ilianza kukwaruza. Septemba alifanyiwa upasuaji wa koo, na madaktari waliookoa maisha yake hawakuweza kuiokoa sauti. Kwa mtu mwingine ungekuwa msiba. Kwake, alivyoandika kwenye kibao chake cha chaki, ulikuwa usumbufu. Kilichomnyima usingizi ni kiti cha mnong'onezaji. Mkurugenzi mpya, Bwana Cezary Jabłoniec, alimweleza kwa adabu kwamba kazi yake ingeisha naye: waigizaji wangewekewa vifaa vidogo vya kusikilizia masikioni, na fundi angewasomea kutoka chumba cha mitambo.

"Kifaa hakichoki, Bi Lodzia," alisema.

Akaandika: "Wala hakioni mikono."

Mrithi alikuwa ameshampata. Katika chumba cha mavazi alifanya kazi Uliana Hnatiuk, mwalimu wa fizikia kutoka Drohobych, aliyekimbia vita na kuvuka mpaka Machi 2022 na begi moja. Leokadia alimkuta akipiga pasi huku akijisemea ukurasa mzima wa mashairi aliyoyasikia kupitia ukuta. Alipotakiwa kukikalia kiti, Uliana alikataa. "Bi Lodzia, Kipolandi changu mimi bado kina vumbi la njiani." Akajibiwa kwa chaki: "Vizuri. Utasikiliza. Wenyewe wanadhani wanakijua." Mwaka mzima walikaa pamoja mazoezini, Uliana akinong'ona, Leokadia akimgonga goti kila alipoharakisha. Bwana Jabłoniec alikubali jaribio moja: onyesho la kwanza la tarehe 14 Oktoba 2023. Likiharibika, kiti kinaondolewa.

Usiku huo Leokadia alikaa safu ya tatu, bila kibao. Sehemu ya pili, Wincenty, akiwa mfalme mzee anayemuaga binti yake, akanyamaza. Zikapita sekunde tano, kisha kumi. Mkurugenzi, akiwa mlango wa pembeni, akampungia Uliana: sema, sema. Uliana alitazama vidole vya mzee vikisokota pindo la koti, akafunga mdomo. Wincenty akainua uso, machozi yakimtiririka, akaendelea. Sehemu ya nne mikono ilimlegea kweli. Uliana akampa neno moja, naye akalidaka. Safu ya tatu haikusikia kitu.

Bwana Jabłoniec alimfuata Leokadia watu walipokuwa wakitoka ukumbini. "Nimeshindwa, Bi Lodzia. Kiti kinabaki." Leokadia akaomba kalamu ya mtu, akaandika nyuma ya tiketi: "Basi kiwekeeni mto. Ni kigumu tangu mwaka 1993."

Ugonjwa ulirudi Novemba 2024. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bogna.

Ameacha binti yake Bogna na mkwe wake Gracjan, wa Gdynia; wajukuu, Tymon na Kalina; kaka yake Zbylut; mpwa wake Ksawery; Uliana, aliyemwita binti wa pili; na wote wa Słodownia.

Leo, akiwa jenezani, anatoka kupitia katikati ya jukwaa, mahali ambapo hakukubali kusimama hata siku ya makofi. Mpigieni makofi sasa, hawezi kukataa. Ksawery, aliyekuja kwa siku tatu, anabaki. Ana tiketi ya jioni hii. Onyesho halikufutwa, kwa agizo lililokutwa kando ya kitanda, kwa mwandiko wake: "Msifute. Uliana ana zamu."

Pumzika, Bi Lodzia, kwa amani uliyoifanyia kazi. Mtu yuko kitini.