Flashi ya Wendell Yawaka Itakavyo

Benchi la mbele ya duka la kahawa pale Moab, mji wa jangwani, lina wenyewe, na asubuhi hiyo wenyewe walikuwa wanamtania Wendell. Maskini! Kesho mama yake anahamia mbali, Ohio, kwa binti yake, na jana jua likizama Wendell alimkalisha ukingoni mwa genge, majabali mekundu nyuma, flashi kwenye stendi pembeni, apate picha moja ya kumuaga. Flashi ikawa inawaka itakavyo. Yeye akibonyeza, haiwaki, ndiyo kwanza inajichaji. Mama akatoka uso giza tupu. Imebaki jioni ya leo tu.

— Ni mawe yale, alisema Duane, waliyemwita Kofia kwa kofia yake pana. Yana chuma. Yanavuta umeme.

— Toka hapa! alicheka Marisela, jina la kijiweni Betri, maana hakosi za akiba. Ni joto. Flashi ikichemka, inapandisha mashetani.

— Mbona yangu haikupandisha? aliuliza Kofia. Tulinunua pamoja, aina moja, na jana nilimulika mwamba mzima nikiwa jirani na Wendell.

— Yako mwoga kama wewe.

— Basi ni setilaiti, Kofia alinong'ona. Zinamulika watu ziwahesabu.

— Zimhesabu mama yangu? Wendell alikuwa amenuna, lakini kahawa ilimtokea puani kwa kicheko.

Mlango wa duka ukafunguka, akatoka mama mwenyewe, Bi Idella, donati mkononi. Wakampisha akae.

— Duane, mwanangu, hebu nikuulize. Jana kila ukibonyeza kamera yako, mimi ndiye niliyemulikwa. Ulikuwa unapiga mwamba au unanipiga mimi?

Kofia akageuza kidude cha kuwashia flashi kwa mbali, kilicho juu ya kamera yake: chaneli ya kwanza. Cha Wendell: ya kwanza. Havijaguswa tangu vitoke kwenye boksi, kwa hiyo kila Kofia alipobonyeza, aliwasha na flashi ya Wendell.

— Kumbe shetani ni wewe! Betri alipiga makofi.

— Leo unakuja bila kamera, Kofia, alisema Wendell. Utashika stendi, upepo usiibebe.

— Nitaikumbatia, ndugu yangu. Nisamehe.

— Haya, picha utaipata, alisema Bi Idella huku akifuta sukari mdomoni. Na Ohio utakuja lini?

Wendell akainuka kwenda kumchukulia mama yake kahawa, na akakawia huko ndani.